Chumvi, Kutwa Mara Mbili

Alhamisi, 7 Machi

Nimepewa familia. Tangu Novemba sisi wanafunzi sita wa kozi ya ushauri pale kanisani tunasomeshwa nadharia mpaka masikio yamechoka, na leo kila mmoja amepewa familia yake ya kuongozana nayo hadi mvua zikatike. Nimerudi dukani situlii. Mteja ameomba dawa ya minyoo nikampa ya mafua. Bahati nzuri alikuwa na miwani.

Mkufunzi wetu ni mchungaji mstaafu. Tunamwita Baba Subiri kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Sheria yake ni moja: mikutano mitatu ya kwanza, hakuna kutoa ushauri wala mstari wa Biblia. Ni kuuliza na kusikiliza tu. Anasema watu huja na shida ya mlangoni, ile wanayoweza kuisema bila kuona haya, na ukiitibu hiyo ukawaaga, basi umetibu mlango na nyumba bado inaumwa. Alipokuwa akisema hivyo alinitazama mimi. Miaka kumi na tisa ya kuuza dawa imenifanya mtu wa kijiko kimoja kutwa mara tatu, na yeye analijua hilo.

Alhamisi, 14 Machi

Chumba chetu ni stoo ya nyuma ya kanisa: meza moja, viti vya watoto wa shule ya Jumapili, na ndoo chini ya pale paa linapovuja. Mvua ilipiga bati mpaka nikahofia sitasikia neno.

Wamekuja watatu. Mume ni Fundi Simu. Anatengeneza simu za mji mzima ili watu waongee, yeye mwenyewe maneno yake ni ya kuhesabu. Mkewe ni Mama Pacha, ana mabinti wawili wa miaka sita, na kazi yake ni kwenye tanuri la mkate. Anatoka nyumbani alfajiri, anarudi saa nane mchana. Wa tatu ni mama mzazi wa Fundi, mwembamba, miaka sabini na kitu. Wajukuu wanamwita Bibi, nami humu nitamwita hivyo. Ni mwaka wa tatu sasa anaishi nao.

Shida yao ni chumvi. Nilidhani wanatania. Mama Pacha akipika, chakula kinakuwa na chumvi hakiliki. Fundi anasukuma sahani. Bibi anasema wasichana wa siku hizi hawaonji. Mama Pacha anaapa kwamba ametia kidogo, na kuanzia hapo nyumba nzima inanuniana mpaka kesho yake. Mwaka mzima wanaishi hivyo. Fundi akamalizia, kwa sauti ya chini, kwamba wakishindwa kupatana atampeleka mama akaishi kwa dada yake, binti wa Bibi, mvua zikikatika na barabara ya huko ikapitika. Fundi aliposema hayo, hakuna aliyemtazama Bibi. Mimi pia sikumtazama, maana nilikuwa nimeshapata jibu.

Mkobani nilikuwa na kijiko cha plastiki cha kupimia dawa ya maji. Nikampa Mama Pacha: sufuria moja, kijiko kimoja, kisawazishwe kwa kisu. Nikaongeza na mstari juu ya uvumilivu. Wakanishukuru sana. Sheria ya Baba Subiri ilidumu dakika arobaini mikononi mwangu, lakini atasemaje nikimletea familia iliyopona?

Ijumaa, 15 Machi

Nimemsimulia mume wangu bila kutaja watu. Ni mwalimu wa hesabu, hatupi maneno ovyo. Akauliza, "Na wewe uliwauliza nini?" Nimeona hilo si swali la kumwuliza mtu aliyefurahi.

Alhamisi, 21 Machi

Chumvi imetulia. Wiki nzima wamekula vizuri isipokuwa siku moja. Nilikuwa karibu kuimba.

Sasa ni redio. Bibi anaifungua saa kumi na moja alfajiri, Mama Pacha akiwa anatoka, pacha wanaamka wakiwa na usingizi. Nimewaandikia ratiba ya redio kwa rula na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Bibi aliikunja vizuri akaiweka kifuani, akasema asante mwanangu. Mpole kweli yule mama. Nadhani mkaidi ni mkwewe.

Alhamisi, 28 Machi

Chumvi imerudi. Mama Pacha ameleta ushahidi, maharage ndani ya kopo la plastiki. Nimeonja kijiko kimoja nikanywa maji vikombe viwili. Anaapa alipima kwa kile kijiko changu na pacha wakishuhudia. Na juu ya hiyo sasa kuna kamba ya kuanikia: nguo za Mama Pacha zinaanuliwa kabla hazijakauka, zinakunjwa mbichi, zinanuka. Anayezianua ni Bibi. Mkaidi ni Bibi, basi. Wiki iliyopita nilikosea.

Nimetoa ushauri wa kamba mbili.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nimeuza dawa ya kikohozi mpaka rafu imebaki tupu.

Alhamisi, 4 Aprili

Mkutano mbaya. Redio, kamba, chumvi, na mpya: nani anawasuka pacha nywele. Mama Pacha amelia. Amesema amechoka kuwa mtuhumiwa ndani ya nyumba yake. Bibi akasema taratibu, "Nyumba ni yako, mwanangu, nani amebisha?" na Mama Pacha akalia zaidi. Nikamgeukia Fundi nimwombe aseme chochote. Akasema madereva wa malori wamemwambia barabara ya kwa dada yake itapitika mwanzoni mwa Mei.

Basi. Ndicho alichokuwa nacho. Nilitamani kumfungua kwa bisibisi yake mwenyewe nione ndani kumeharibika nini.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimekwenda kwa Baba Subiri kuungama. Kijiko, ratiba, kamba mbili, yote. Alisikiliza akichonga penseli, hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema, "Dokta, umetibu vingapi?" Nikahesabu vitatu. "Vimepona vingapi?" Nikaangalia penseli yake. Akasema shida mpya zikiota kila wiki kabla za jana hazijakauka, usizikate tena, uliza zinanyweshwa na nini kati ya mtu na mtu. Kisha akanipa swali moja la kwenda nalo: katika nyumba ile, nani hajui nafasi yake?

Nimelifurahia swali hili kupita kiasi. Nimeliandika nyuma ya boksi la dawa na kulibandika karibu na mizani. Kila anayepanda kujipima analisoma, na wawili wameniuliza kama nawasema wao.

Alhamisi, 11 Aprili

Hawakuja. Daraja dogo limefunikwa na maji.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika haraka, si kwa hofu, kwa furaha, ingawa sijui kama ni halali kufurahi.

Bibi anatumia dawa za presha na za mwezi huu zilikuwa bado ziko kwangu, Fundi amesahau kuzipitia. Mchana nikafunga duka nikampelekea. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Maji yalisikika bafuni, Mama Pacha anaoga, sufuria ya maharage iko jikoni inatokota. Bibi alikuwa amesimama mbele yake kanipa mgongo. Nikamwona anachukua chumvi kwa vidole vitatu, anaitia, anakoroga mara mbili, anafunika. Alipogeuka akaniona.

Hakukana. Alivuta kigoda akakaa, nami nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikauma ulimi. Nilihesabu moyoni mpaka thelathini. Sijawahi kufika thelathini maishani mwangu.

"Mwanangu," akasema, "nilikuja hapa kwa wiki mbili. Hivyo ndivyo mwanangu alivyoniambia, mama, twende ukapumzike wiki mbili. Sasa ni miaka mitatu. Hakuna aliyeniambia kaa, hakuna aliyeniambia nenda. Mgeni huketi akaletewa chakula. Mimi nimeketi miaka mitatu naletewa."

Nikamwuliza chumvi inahusiana na nini.

"Nikiitia, basi na mimi nimepika."

Nilimshika mkono. Nilikuwa na maneno mia na sikuyatoa hata moja. Redio ile, nguo zile za kuanua, nywele za pacha, vyote ni vilevile: mtu anatafuta mahali pa kushika ndani ya nyumba asiyojua kama ni yake. Halafu muuza dawa akaamka ndani yangu, nikamkumbusha kwamba mtu wa presha hapaswi kula chumvi kiasi hiki. Akasema yeye haili, maharage yake huyasuuza kwanza kwa maji ya kunywa. Tukacheka wote wawili mpaka maji ya bafuni yakafungwa.

Kabla sijaondoka aliniomba nisimwambie mtu. Nimekubali. Kilichosemwa kwa siri ni siri, ndicho kiapo chetu cha kwanza.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekaa ibada nzima nyuma ya Mama Pacha nikiwa na dawa yake mdomoni na siruhusiwi kuitema.

Jumanne, 16 Aprili

Nilimwambia Baba Subiri kwamba nimeona kitu na nimefungwa kwa ahadi. Hakutaka kujua ni nini. Alisema kazi yangu si kusema badala ya mtu, ni kuandaa mahali ambapo mwenyewe ataweza kusema. Akanifundisha zoezi la vifuniko. Yeye hutumia vya soda. Mimi nimechagua vya chupa za dawa, vya rangi na ukubwa tofauti, nimeviosha kwa maji ya moto. Leo sijala chakula cha mchana kwa msisimko. Mume wangu amesema anamwonea huruma atakayekaa mbele yangu Alhamisi.

Nilipokuwa navifuta nilimwuliza, ghafla tu, kama hukasirika ninapomletea dawa ya kikohozi kabla hajasema anaumwa. Aliweka kalamu chini. Tumeongea saa nzima. Hayo hayataandikwa hapa.

Alhamisi, 18 Aprili

Ni siku ya kuandika kurasa.

Niliwaambia leo hakuna chumvi wala redio. Nikatandika kitambaa mezani, nikasema hiki ni nyumba yenu. Kila mmoja achague vifuniko vitano, kimoja kwa kila mtu, avipange jinsi watu wanavyokaa mioyoni, nani karibu na nani. Hakuna kumsahihisha mwenzako.

Bibi alianza. Aliwaweka pacha katikati, mwanawe na mkwewe kila upande wakigusana, akavisogeza viwe sawa kabisa. Kisha akakichukua chake, kidogo cheupe cha matone ya macho, akakiweka pembeni, nusu juu ya kitambaa na nusu nje.

Mama Pacha alivikusanya akapanga vyake. Pacha katikati. Fundi karibu nao. Bibi ubavuni kwa Fundi, wamegusana. Na chake mwenyewe akakipeleka pembeni upande wa pili, nusu nje vilevile.

Mvua ilikuwa imepungua. Bibi alikitazama kile kifuniko cha mkwewe muda mrefu.

"Mbona umejiweka huko?" akamwuliza. "Huko ndiko mimi niliko."

"Wewe, Mama?" Mama Pacha akasema. "Wewe uliletwa kwa sababu mimi nimeshindwa. Nilirudi kazini siku moja nikakukuta na begi lako. Nikajua mume wangu ameona siwezi kulea na kupika na kwenda kwenye tanuri. Kila ukinyoosha mkono unanionyesha nilipopungua."

"Mimi niliambiwa nije kupumzika wiki mbili."

"Mimi sikuambiwa kitu."

Wote wawili wakageuka kumtazama Fundi. Vifuniko vyake vinne vilikuwa vimelala mbele yake bila kupangwa, na cha tano, chake, alikuwa amekifumbata ngumini. Nikamwomba akiweke popote. Alijaribu. Mkono ulikwenda huku ukarudi, ukaenda kule ukarudi. Mwishoni akasema hawezi, akakitia mfukoni, na macho yamemjaa machozi.

Nilikuwa nimemchukia mtu huyu kwa wiki tano. Leo nimemwona anavyoogopa.

Ndipo Bibi, bila kuulizwa na mtu, akasema habari ya chumvi. Alisema akiwa ameinama, kila kitu, vidole vitatu na vyote. Nilishika ukingo wa meza nikingoja Mama Pacha alipuke, mwaka mzima ameitwa mpishi mbaya. Kweli alikasirika. Alisimama, akaenda hadi dirishani, akakaa huko. Aliporudi alisema, "Mama, mimi natoka kwenye moto wa tanuri saa nane mchana. Sitaki kuona jiko hata kwenye picha. Nimepika miaka mitatu nikiwa nimefumba macho ili msinione mvivu. Kumbe wewe unalitaka?"

Bibi akasema analitaka sana.

Nilitoka nje nikasimama mvuani kidogo, kwa sababu ningebaki ningepiga kelele. Lakini Fundi hajasema neno, na wakati wa kutoka nilimsikia dereva mmoja nje ya kanisa akisema maji ya barabarani yanakauka.

Jumamosi, 20 Aprili

Jua siku nzima. Sijawahi kulichukia jua hivi.

Jumatano, 24 Aprili

Fundi amekuja dukani. Ameulizia betri, dukani kwangu, duka la dawa. Nikaelewa, nikamwonyesha kiti. Alikaa robo saa. Chakula nyumbani kimekuwa kizuri, anapika Bibi, redio inalia na hakuna anayelalamika. Lakini juzi alimkuta mama yake anamwuliza jirani nauli ya kwenda kwa dada. Hakuna aliyemwambia haendi. Jiko amepewa, nyumba bado.

Nikamwuliza kwa nini hamwambii.

"Baba alipofariki nilimchukua Mama bila kumwuliza," akasema. "Na mke wangu pia sikumwuliza. Niliogopa. Ukiuliza utajibiwa, dada. Mmoja wao angesema hapana, nami ningefanya nini?"

Mstari wa kuwaheshimu wazazi ulikuwa tayari ulimini. Niliumeza. Nikamwuliza badala yake: sasa yupi kati yao unadhani atasema hapana? Alifikiri. Akasema hajui. Akarudia, hajui, miaka mitatu yuko nao na hajui. Kisha akaomba tusali, na tukasali pale kati ya dawa za mafua na nepi, mteja akingoja mlangoni kofia mkononi.

Alhamisi, 25 Aprili

Hawajaja. Fundi ametuma ujumbe: "Bado najipanga." Subiri, subiri, subiri. Nimekula kucha zote.

Alhamisi, 2 Mei

Barabara ilifunguliwa jana. Na leo Fundi ameuliza.

Alianza kwa mkewe, na niliona kwamba nyumbani walishaongea, maana Mama Pacha alikuwa ameshika kiwiko chake. Alimwomba msamaha mbele ya mama yake kwamba alimletea mtu ndani ya nyumba bila kumwambia. Kisha akaacha kiti, akachuchumaa mbele ya Bibi.

"Mama, nilikuhamisha kama mzigo. Nisamehe. Sasa nakuuliza: utakaa kwetu? Si wiki mbili. Ukitaka kwenda kwa dada pia sema, nitakupeleka mwenyewe, sitanuna."

Mama Pacha akasema, "Na mimi naomba ukae, Mama. Mimi sijatumwa na yeye."

Machozi yalinitoka wazi wazi, nimekaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka mitano, magoti kidevuni. Bibi aliwatazama mmoja mmoja. Alinyoosha kanga yake mapajani. Nilitarajia atawakumbatia.

"Nitafikiri," akasema.

Akainuka, akatuaga, akatangulia nje. Fundi alibaki amechuchumaa pale pale.

Jumapili, 5 Mei

Anafikiri. Leo baada ya ibada nilimsalimia, akaniitikia marahaba akapita na tabasamu lake. Mama Pacha anasema nyumbani anatembea ameinua kidevu, na Fundi halali.

Alhamisi, 9 Mei

Atakaa. Alisema hivyo hata kabla ya kuketi. Pacha waliokuwa wamefuatana nao wakaruka, Fundi akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Halafu Bibi akasema, "Na Jumamosi nakwenda kwa binti yangu."

Hakuna aliyeelewa. Fundi alipauka. Mimi nilifungua mdomo, nikaufunga. Naona kozi imenisaidia kwa hilo angalau. Alisema atarudi baada ya wiki tatu, pacha waendelee kulala mapema, na mtu asiguse jiko lake kwa fujo. Zaidi ya hapo hakueleza.

Jumamosi, 11 Mei

Nimefunga duka asubuhi nikaenda kituo cha mabasi kumsindikiza Bibi. Anga ni safi kabisa. Mama Pacha amebadilishana zamu kazini ili aje. Alikuwa amefunga mikate miwili ya moto kwenye kitambaa, na kila dakika anauliza kama Mama amechukua dawa, kama amechukua sweta, kama ana namba ya simu. Fundi alishika mkoba wa mama yake, na kondakta alipotaka kuupokea hakuuachia upesi.

Wakati wanapanga kiti chake nilimsogelea Bibi. Uvumilivu wangu ulikuwa umekwisha na kozi pia inakwisha wiki ijayo.

"Mama, miaka mitatu ulingoja wakuombe ukae. Wamekuomba. Mbona unaondoka?"

Alinishika bega ili apande ngazi ya basi. "Nimemkumbuka binti yangu siku nyingi," akasema. "Sikuweza kwenda. Asiyekuwa na nyumba hatembelei watu, mwanangu. Yeye huhama tu."

Akapanda. Akakaa dirishani, akafungua kioo, na akaanza kuwaagiza mambo ya nyumbani.